Hazina ndogo za Nairobi ambazo wapita njia hawazioni

MAELFU ya watu hupita kila siku karibu na sanamu ya Tom Mboya katika barabara ya Moi, jijini Nairobi, wakikimbilia matatu, benki au kazini. Wengine huagana kukutana papo hapo, kwa kuwa ni mahali ambapo hata mgeni hapotei.

Hata hivyo, ni wachache mno wanaofungua mlango wa jumba kuukuu lililo jirani, ambalo zamani lilikuwa benki. Ndani yake mna vinyago, vito, silaha za jadi na vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, vingi vikiwa vimekusanywa na mtu mmoja aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya.

Jumba hilo si la pekee. Katikati ya jiji hilo, katika masafa ambayo mtu anaweza kuyamaliza kwa miguu kwa siku moja, kuna nyumba nne zenye mikusanyiko ya ajabu: garimoshi zilizostaafu, hati za serikali, vitabu vya kale na vazi la mfalme hadi stempu ya barua. Kila moja ina historia yake, na kila moja imewahi kukaribia kupotea au imeshuhudia jirani yake akipotea.

Mkenya anapotaja makumbusho, akili yake kwa kawaida hukimbilia jumba kuu lililoko Museum Hill, lililofunguliwa mwaka 1930. Huko ndiko wanafunzi hupelekwa kuona masalia ya binadamu wa kale na sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974.

Makumbusho madogo ni ya namna nyingine. Hayajaribu kueleza habari za nchi nzima tangu kuumbwa kwa dunia. Hushika jambo moja tu, reli kwa mfano, au mapenzi ya mtu mmoja kwa sanaa, na kulichimba mpaka undani wake. Ndiyo maana aliyeyatembelea huondoka akikumbuka kitu kimoja kilichomgusa, badala ya kuchoshwa na vingi alivyovipita haraka.

Behewa namba 12

Safari nzuri huanzia kwenye chimbuko la jiji lenyewe. Nairobi haikuzaliwa na mfalme wala bandari. Ilizaliwa na reli. Ujenzi wa njia hiyo ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwezi Mei 1899 na kukamilika kwenye Ziwa Victoria mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka India kuifanya kazi hiyo, na takriban 2,500 miongoni mwao walifariki.

Makumbusho ya Reli, yaliyo kando ya stesheni kuu upande wa barabara ya Haile Selassie, yalifunguliwa mwaka 1971. Fred Jordan, aliyeitumikia reli kwa miaka mingi, ndiye aliyeyaanzisha na kuwa msimamizi wake wa kwanza. Wakati huo enzi ya mvuke ilikuwa ikielekea ukingoni, na vifaa ambavyo jana vilikuwa vya kazi vilikuwa vikigeuka vyuma chakavu.

Ndani ya ukumbi kuna taa za ishara, simu za zamani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya daraja la kwanza, picha na ramani. Lakini kinachowavuta wageni zaidi ni behewa moja la mbao, namba 12, lenye kisa cha kuogofya.

Mnamo Juni 1900, simba mla watu alikuwa akiwahangaisha wafanyakazi wa stesheni ya Kima, kusini mashariki mwa Nairobi. Mrakibu wa polisi, Charles Ryall, aliegesha behewa hilo kwenye njia ya pembeni akiwa na wenzake wawili, Mjerumani Hübner na Mwitaliano Parenti, kwa nia ya kumvizia mnyama huyo usiku.

Ryall ndiye aliyeshika zamu ya kwanza. Usingizi ukamchukua. Simba aliingia kupitia mlango wa kusukuma, na uzito wake ulipoliinamisha behewa, mlango ukajifunga nyuma yake. Alimkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamkamata Ryall na kutoka naye kupitia dirishani. Simba huyo alinaswa baadaye kwa mtego, akaonyeshwa watu kwa siku kadhaa, kisha akauawa kwa risasi.

Kusoma kisa hiki kitabuni ni jambo moja. Kusimama kando ya behewa lenyewe na kupima kwa macho udogo wa dirisha lile ni jambo jingine kabisa. Hiyo ndiyo faida ya kitu halisi: hakihitaji kutiwa chumvi.

Behewa hilo, pamoja na injini namba 301 iliyoko katika makumbusho hayo, vilitumiwa pia katika filamu ya Out of Africa iliyotolewa mwaka 1985.

Linganisha bahati ya behewa hilo na ile ya simba wawili maarufu wa Tsavo, waliowaua vibarua wa reli na kupigwa risasi na Luteni Kanali John Henry Patterson mwezi Desemba 1898. Ngozi zao zilitandikwa sakafuni nyumbani kwake kwa takriban robo karne. Mwaka 1924 aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000 za Marekani. Mkenya anayetaka kuwaona simba hao hulazimika kuvuka bahari.

Majitu mawili ya mwisho

Nje ya ukumbi, juani na mvuani, zimesimama injini zenyewe. Miongoni mwazo kuna mbili zinazoyazidi majirani zake kwa kimo na uzito: Mount Gelai, namba 5918, na Mount Shengena, namba 5930.

Injini hizo ni za daraja la 59, aina ya Garratt. Zilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, kati ya mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 252, na ndizo zilizokuwa injini kubwa za mvuke kuliko zote duniani katika reli za upana wa mita moja.

Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Kutoka pwani hadi Nairobi treni hupanda zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikipitia kona nyingi. Mzigo mzito ulihitaji injini yenye nguvu, lakini injini ndefu ya kawaida hushindwa kupinda, na injini nzito yenye magurudumu machache huziumiza reli nyembamba.

Mafundi walilitatua tatizo hilo kwa kuining'iniza boila katikati ya fremu mbili zenye magurudumu, kila fremu ikigeuka kivyake mithili ya nyoka anayejipinda njiani. Uzito ukagawanywa juu ya magurudumu 28. Mgeni anayeinama kuchungulia chini ya Mount Gelai ataiona mbinu hiyo kwa macho yake, bila kuhitaji somo la uhandisi.

Majina nayo yanasema jambo. Kila injini ya daraja hilo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko katika milima ya Upare, yote nchini Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika na mali ya reli ikagawanywa, lakini majina hayo yalibaki kwenye vyuma yakikumbusha kwamba palikuwa na reli moja ya nchi tatu.

Kati ya injini 34, ni hizo mbili tu zilizosalia. Nyingine zote ziliishia kukatwa vipande. Kwa sababu hiyo, kutu inayozila ni jambo zito kuliko linavyoonekana, maana hakuna nyingine mahali popote za kuzirithi.

Uwanja huo haukuwa wa vyuma vizee pekee. Wasanii wa jiji wamewahi kugeuza ghala na mabehewa yaliyoachwa kuwa karakana zao za uchoraji, jambo lililowavutia vijana ambao huenda wasingalifika huko kwa ajili ya historia ya reli.

Karatasi zilizoamua haki

Kutoka stesheni, mwendo wa dakika chache kupitia barabara ya Moi humfikisha mgeni kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Idara hiyo iliundwa kwa sheria mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru.

Jina lake huwafanya wengi wadhani kwamba ni mahali pa wasomi na makarani tu. Sehemu moja ni hivyo kweli: nyaraka zenyewe hukaa ghalani, na anayetaka kuzisoma hujiandikisha, huangalia orodha na kuomba faili aletewe mezani. Lakini ukumbi wa chini ni wa maonyesho, na huo ni wa kila mtu.

Umuhimu wa faili kuukuu haukuwahi kudhihirika wazi kama katika kesi ya wazee wa Mau Mau. Kabla ya kukabidhi madaraka mwezi Desemba 1963, watawala wa Kiingereza walichoma baadhi ya faili na kuzisafirisha nyingine kwao kwa siri. Kenya iliomba zirejeshwe tangu miaka ya 1960 bila mafanikio.

Mwaka 2011, katika kesi ya wazee hao dhidi ya serikali ya Uingereza mjini London kuhusu mateso waliyotendewa kambini, ilibidi serikali hiyo ikiri kwamba ilikuwa imeficha takriban faili 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani, katika jengo lake la Hanslope Park. Takriban 1,500 kati yake zilihusu Kenya.

Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, ikaeleza majuto yake na kugharimia mnara wa kumbukumbu, ambao ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park mwezi Septemba 2015. Karatasi ambazo mtu angezidhania takataka ndizo zilizosaidia kuthibitisha maneno ya wazee.

Mtu aliyekataa kuuza

Mkusanyiko unaopamba Hifadhi hiyo unabeba jina la Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisoma India, akafanya kazi Somalia, kisha akajiunga na harakati za uhuru. Dola ilipoanza kuwakamata viongozi wa chama cha KAU, alikimbilia ughaibuni na kuishi London hadi mwaka 1962.

Ni huko London alikoanza kununua vitabu vya zamani kuhusu Afrika, akifahamu kwamba sehemu kubwa ya habari za bara hili ilikuwa ikiuzwa katika maduka ya watu wengine. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Alijiuzulu kabla ya mwaka huo kwisha, akauacha uongozi na kuyarudia aliyoyapenda zaidi.

Yeye na mkewe, Sheila, walikusanya vinyago, nguo, vito, samani, stempu za Afrika na barua. Inakadiriwa kwamba vitabu peke yake vilizidi 50,000, na takriban 8,000 kati yake ni vya kabla ya mwaka 1900. Pamoja na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha duka na jumba la sanaa la African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970, lililowafungulia soko wasanii na mafundi kutoka pande mbalimbali za bara.

Wanunuzi wa ng'ambo waliutamani mkusanyiko huo. Murumbi aliamua ubaki nyumbani. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya mali hiyo, kwa makubaliano kwamba mahali hapo pangekuwa taasisi ya masomo ya Afrika.

Taasisi hiyo haikusimama. Ardhi iligawanywa, miti ya kienyeji aliyoitunza ikakatwa na nyumba ikabomolewa. Murumbi alifariki mwezi Juni 1990. Amezikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na pamejengwa bustani ya ukumbusho yenye sanamu za mawe.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini mali ya mtu mmoja inatazamwa leo katika majumba mawili tofauti ya jiji. Vitu viliokoka, nyumba iliyoviunganisha ikatoweka. Mgeni anayeviona hana budi kuunganisha mwenyewe akilini kilichotenganishwa.

Maktaba yenye sheria yake

Kabla ya kufika jumba la pili la Murumbi, inafaa kupitia mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia. Hapo imesimama maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa mbele na simba wa mawe ngazini.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa kwa juhudi za Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja na aliyefariki mwaka 1925. Kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wazi kwa Wazungu pekee. Waafrika na Waasia waliruhusiwa kuingia kuanzia mwaka 1958.

Ndani yake mna magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vitabu vya wasafiri na picha. Linaloifanya iwe ya pekee, hata hivyo, haliko rafuni. Mwaka 1938 maktaba hiyo ilitungiwa sheria yake yenyewe, na hakuna jengo jingine nchini Kenya lenye ulinzi wa namna hiyo. Katika jiji ambako kiwanja cha katikati huwatoa watu mate, sheria hiyo imekuwa ngao.

Lakini sheria huzuia tingatinga. Haizibi paa linalovuja wala kufuta vumbi. Mwaka 2017 waandishi na wachapishaji wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk kwa ajili ya kuifufua maktaba hiyo kwa ushirikiano na serikali ya kaunti. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yalikarabatiwa, na nyaraka za zamani zikaanza kuorodheshwa na kuhifadhiwa kwa kompyuta.

Kazi ya kuorodhesha imewapa vijana wa jiji nafasi ya kujiuliza swali lililoahirishwa kwa muda mrefu: ni vitabu vya nani vilivyomo, na ni sauti za nani ambazo hazimo? Mkusanyiko wa zamani husema mengi kwa yale uliyoyaacha nje.

Ofisi ya kuzaliwa, kuoana na kufa

Kituo cha mwisho ni pale barabara ya Kenyatta inapokutana na barabara ya Uhuru. Chini ya kivuli cha jumba refu la Nyayo, kuna nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1913, ambayo sasa inaitwa Nairobi Gallery na husimamiwa na shirika la makumbusho ya taifa.

Hapo zamani ilikuwa ofisi ya mambo ya wenyeji, na baadaye ya mkuu wa mkoa. Wakazi waliibandika jina la utani la Kiingereza lenye vina, ambalo maana yake ni mahali pa kuzaliwa, kuoana na kufa, kwa sababu mambo yote matatu yaliandikishwa humo. Jirani yake ndipo ilipo alama ya sifuri, ambapo umbali wa sehemu nyingine za nchi huanzia kupimwa.

Leo vyumba hivyo vya makarani vimejaa kazi za wasanii waanzilishi wa Afrika Mashariki na mali ya Joseph na Sheila Murumbi: vitambaa, mapambo ya shingoni, milango iliyochongwa, stempu. Udogo wa vyumba ni neema. Mgeni husogea karibu kiasi cha kuona alama ya patasi kwenye mbao na nyuzi zilizoshonwa upya na mtu asiyejulikana jina.

Mita chache kutoka hapo kuna historia nyingine isiyo na kabati la kioo. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyumba vya chini vya jumba la Nyayo vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali. Februari 2003, muda mfupi baada ya serikali mpya kuingia madarakani, vilifunguliwa ili umma uvione, na manusura wakadai vigeuzwe makumbusho ya kudumu.

Kuyataja majumba haya mawili pamoja si kuharibu matembezi ya mtu. Ni kuonyesha kwamba uamuzi wa nini kiwekwe wazi na nini kifungiwe ni uamuzi mzito, na kwamba raia wana haki ya kuuliza habari zake.

Kinachookoa na kinachoangamiza

Nyumba hizo nne zikitazamwa pamoja, mambo matatu hujitokeza. La kwanza ni mtu mmoja mwenye moyo. Bila Jordan, Murumbi au Lucie McMillan, kusingekuwa na cha kutazama. Mikusanyiko midogo haianzi na kamati. Huanza na mtu ambaye majirani humwona kama ana wazimu kidogo.

La pili ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au kifaa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi inayolindwa. Ulinzi wa namna hiyo uliifaa nyumba ya African Heritage, aliyoijenga Donovan kuelekea mbuga ya Nairobi kwa kuiga usanifu wa udongo wa Afrika Magharibi na ule wa pwani ya Waswahili. Nyumba hiyo ilitishiwa na njia ya reli mpya ya SGR, ikanusurika na kutangazwa kuwa turathi ya taifa. Donovan alifariki mwezi Desemba 2021 akiwa ameiona ingali imesimama. Nyumba ya Muthaiga haikubahatika hivyo.

La tatu, ambalo husahauliwa, ni wageni. Mchwa, unyevu na mwanga mkali huharibu karatasi na nguo polepole, na kuvizuia kunahitaji fedha na wafanyakazi wenye ujuzi. Idara yenye ukumbi mtupu haina hoja ya kuombea bajeti. Kitabu cha wageni pale mlangoni, ambacho wengi hukiandika kwa haraka, ni ushahidi kwamba mahali hapo panahitajika.

Kwa anayetaka kwenda

Siku za kazi ndizo za uhakika zaidi, hasa kwa Hifadhi ya Nyaraka, ambayo hufuata saa za ofisi za serikali. Kwa maktaba ya McMillan ni vyema kuuliza kwanza, kwa kuwa ukarabati unaweza kufunga baadhi ya vyumba. Viingilio vya raia huwa nafuu kuliko vya wageni wa nje, hivyo inafaa kubeba kitambulisho.

Kupiga picha kunahitaji ruhusa katika baadhi ya kumbi, na mwanga wa kamera hudhuru rangi za kale. Penye mtu wa kuongoza wageni, asiachwe kando: lebo ukutani husema kitu ni nini na cha mwaka gani, lakini mtunzaji hueleza kilifikaje na kimeponea wapi.

Wazazi wenye watoto waanzie kwenye reli, ambako mtoto anaweza kulizunguka jitu la chuma na kuuliza maswali kwa sauti. Hifadhi ya Nyaraka na Nairobi Gallery huwafaa zaidi wenye subira. Si lazima kumaliza vyote kwa siku moja. Jumba moja lililotazamwa kwa utulivu lina faida kuliko manne yaliyokimbiliwa.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wakenya wamewahi kuudharau mkeka wao na kuupoteza, kama ilivyotokea Muthaiga, na mwingine umetandikwa Chicago. Uliobaki katikati ya Nairobi ungalipo, na mlango wake u wazi kwa yeyote anayepita.